Koti la Kafaulaya

Jumamosi ile ya mwanzo wa Novemba ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Nilikuwa nimemaliza zamu yangu ya asubuhi Kilburn, ambako kazi yangu ni kuwaogesha na kuwalisha wazee majumbani mwao, nikapita kwa dada Placida kunywa chai. Placida ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Tumekulia nyumba moja kule Kagera, tumelalia kitanda kimoja, na yeye ndiye aliyenipokea nilipofika London nikiwa sijui hata kuwasha hita. Kwa hiyo haya sikuyaokota barabarani. Mengine alinieleza mwenyewe, na yale ya mwisho nilikuwepo. Mfupa wangu wa mtulinga, begani kulia, unanikumbusha kila baridi inapoingia.

Nilimkuta mezani, daftari liko wazi mbele yake, kalamu za rangi tatu pembeni. Alikuwa anapanga safari ya Krismasi. Yeye na mumewe, Protas, walikuwa wanakwenda Italia, kwenye mji wa Florence, siku tano, kuondoka tarehe ishirini na tatu Desemba. Kila siku ilikuwa na ukurasa wake: kanisa lipi asubuhi, makumbusho yapi mchana, wapi watakula mkesha wa Krismasi.

Safari ile ilikuwa na historia. Placida alipokuwa darasa la nne, sista mmoja wa misheni alimpa kadi yenye picha ya malaika amepiga goti mbele ya Bikira Maria, mabawa yake yana rangi kama za kasuku. Nyuma ya kadi palikuwa na jina la mji ule. Aliitunza mpaka ikachanika. Miaka mingi ikapita. Halafu mwaka uliotangulia safari hii mimba yake ya miezi saba ikaharibika, na nyumba yao ikanyamaza. Hawakugombana. Walikosa tu la kusema. Mpaka siku moja Protas, akiwa anaosha vyombo, alimwambia bila kugeuka, "Twende ukamwone malaika wako."

Huyo ndiye alikuwa shemeji yangu. Mtu mpole, mrefu, wa maneno machache, aliyefanya kazi miaka tisa kwenye karakana ya kukata vioo vya miwani kule Kingsbury. Buibui akiingia ndani alimbeba kwa gazeti akamtoa dirishani.

Tulipomaliza chai tukatoka wote watatu, maana Protas hakuwa na koti la kufaa baridi ya safari. Tukaingia duka la hisani, moja ya yale yanayouza vitu ambavyo watu wametoa sadaka. Placida ndiye aliyeliona. Lilikuwa koti refu la sufu nzito, rangi ya kahawa chungu, vifungo vya pembe. Alipolifunua, ndani ya bitana palikuwa na lebo ndogo iliyoshonwa kwa mkono: Firenze.

Aliniambia huo ndio mji wenyewe, kwamba wenyeji hawasemi Florence, wanasema Firenze. Macho yake yaling'aa. Kwake ilikuwa ishara njema. Protas alilijaribu, likamkaa kama limekatwa kwa vipimo vyake, mabega, mikono, urefu, kila kitu. Mama muuzaji alisema limefika asubuhi hiyohiyo. Walifungua duka wakakuta mfuko mlangoni, ndani kuna koti hilo peke yake.

Njiani nilimkumbusha Placida jinsi bibi yetu alivyokuwa akiita mitumba. Alikuwa haiiti mitumba. Aliita kafaulaya, yaani mwenye nguo hii kafa huko Ulaya, ndiyo maana imetufikia. Na hakuna nguo ya kafaulaya iliyogusa mwili wa mtu nyumbani kwake kabla hajailoweka kwenye maji ya chumvi na kuianika juani siku tatu.

Placida alicheka. "Lilian, mdogo wangu," alisema, "Ulaya ndiyo hapa."

Protas hakucheka. Alikuwa ametutangulia hatua kumi, kola ameipandisha, na alikuwa anatembea kwa mwendo ambao sikuwahi kumwona nao.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeona ubaya. Protas alilivaa koti kwenda kazini, akalivaa kurudi. Baadaye akawa halivui anapofika. Alikula nalo. Alitazama taarifa ya habari nalo, hita inawaka, jasho linamtiririka mashavuni. Placida akimwambia alivue, alijibu neno moja tu: baridi.

Kisha ikaja habari ya daftari. Siku moja Placida alirudi kutoka ofisini akalikuta mezani, kurasa zake zote tano zimepigwa mistari kwa kalamu nyeusi, kwa nguvu, mpaka karatasi imetoboka. Makanisa yamefutwa. Makumbusho yamefutwa. Jina la nyumba ya watawa yenye picha ya malaika limechorwachorwa hadi halisomeki. Badala yake, kwenye kila siku, yameandikwa maneno yaleyale: jina la mtaa mmoja wa Firenze, ng'ambo ya mto, na namba ya nyumba.

Alimuuliza mumewe mtaa ule kaujulia wapi. Protas aliutazama ule ukurasa. Alisema hajui. Alisema mwandiko si wake, na kweli, Placida alipouangalia vizuri, haukuwa wake.

Asubuhi ya Jumapili iliyofuata ndipo damu ya kwanza ilipomwagika.

Nyuma ya nyumba yao kuna kiuwanja cha mapipa ya taka, na kwenye kiuwanja hicho alikuwa akija mbweha jike mwenye mguu mmoja mbovu. Protas alimzoea tangu mwaka juzi. Alimwekea ngozi za kuku, na mbweha akawa anamkaribia bila woga. Siku hiyo, saa mbili asubuhi, Placida alikuwa dirishani jikoni. Alimwona mumewe ameshuka na mfuko wa taka, koti limefungwa mpaka shingoni. Mbweha akaja. Protas akachuchumaa, akanyoosha mikono. Mbweha akaleta kichwa.

Alimshika taya la juu kwa mkono mmoja, la chini kwa mkono mwingine. Kisha akavuta.

Placida aliniambia kwamba sauti ilimfikia hata kupitia kioo. Ilikuwa kama shuka kuukuu linapochanwa. Mnyama alitupa miguu, na Protas akaendelea kuvuta taratibu, bila haraka, kama mtu anayefungua kabati. Alipomaliza alimweka chini, akapanda ngazi, akanawa kwenye sinki kwa sabuni ya vyombo, akauliza kama chai ipo.

Damu ilikuwa usoni. Ilikuwa kwenye kola ya shati, kwenye nywele, kwenye masikio. Kwenye koti hapakuwa na hata tone.

Placida alimvua kwa nguvu. Na koti lilipotoka tu, Protas alikaa sakafuni akaanza kutetemeka. Alipoambiwa alichofanya alikwenda dirishani akatazama, akalia mpaka akatapika. Hakukumbuka lolote tangu aliposhika kitasa cha mlango. Walikubaliana wakati huohuo kwamba koti lirudishwe dukani. Placida alilifunga kwenye mfuko akaliweka karibu na mlango, kusudi alipeleke kesho yake.

Kesho yake Protas aliamka mapema akaenda kazini. Mfuko ulikuwa pale pale mlangoni. Mtupu.

Mimi nilikuwa sijui lolote kati ya haya. Nilijua siku ya Kalpana.

Kalpana ndiye mwenye ile karakana ya miwani. Ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakijafa. Alimpigia Placida simu mchana akiwa hospitali, na kwa kuwa nilikuwa kwa Placida siku hiyo, tulimsikiliza wote wawili. Alisema koti la Protas lilikuwa limetundikwa karibu na mashine ya kusagia vioo, naye akaogopa lisije likanaswa, akalishika mkono ili alisogeze. Hakusikia Protas akija. Alisikia tu vidole vyake vimebanwa.

"Amenivunja vidole vitatu, Placida," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliyejificha. "Kimoja kimoja. Alisubiri nimalize kulia kwa kimoja, ndipo akashika kingine."

Mimi ndiye niliyemuuliza kama amewaita polisi. Alisema amewaambia madaktari ni mlango, kwa ajili ya miaka tisa ya yule mtu mwema aliyemjua. Kisha akatuonya kwamba mara ya pili hatasema mlango. Na kabla hajakata simu alisema jambo ambalo Placida hakulisahau: kwamba muda wote ule Protas alikuwa anatabasamu, na meno yale aliyaona kama si ya Protas.

Nilimwambia dada yangu ahame siku hiyohiyo, aje kwangu. Alikataa. Alisema mume wake hajaondoka, yumo mle ndani, kila koti likivuliwa anarudi, na hawezi kumwacha na kitu kile peke yake. Nilimwelewa na nikakasirika, vyote kwa pamoja. Nikamwambia basi tuwaite polisi. Akaniomba nisubiri.

Nilisubiri. Hilo nitalijibu mbele ya Mungu.

Jumapili ya tatu ya Desemba, alasiri, Protas alisinzia kwenye kochi, koti limefungwa vifungo vyote. Akaanza kusema usingizini. Kilikuwa Kiitaliano, lugha ambayo hakuwahi kujifunza hata neno moja, na sauti ilikuwa ya mtu mzee mwenye kikohozi. Placida alichukua simu yake, akafungua ile programu ya kutafsiri aliyoiweka kwa ajili ya safari, akaisogeza karibu na midomo ya mumewe. Maneno yakajiandika kwenye kioo.

Nyamaza. Tumekaribia kufika.

Akasubiri. Protas akasema tena. Simu ikaandika tena.

Wa kwanza alilia hivyohivyo.

Placida alikwenda chooni akajifungia, akafungua tiketi zao za ndege kwenye simu, maana alitaka kuzifuta. Akakuta mtu amekwisha kuzibadilisha. Kwenda walikuwa wawili. Kurudi alikuwa mmoja, na jina lilikuwa la Protas.

Ndipo aliponipigia. Alinong'ona. Aliniuliza bibi alikuwa anatia chumvi kiasi gani.

Nilimwambia ningekwenda kesho yake, tarehe ishirini na mbili, saa nane mchana, muda ambao Protas huoga. Ndio muda pekee aliolivua. Nilinunua pakiti sita za chumvi. Mpango ulikuwa mdogo tu: koti liingie kwenye maji ya chumvi, kisha tulibebe likiwa limelowa tukalitupe mbali, na Placida aje kulala kwangu. Kwa bibi nguo zote zilitulia. Sikufikiri kwamba nguo za bibi zilikuwa zimesafiri miezi, zimevuka bahari, zimepoa. Hili lilikuwa halijapoa.

Nilifika. Mvua ilikuwa inanyesha na mwanga wa nje ulikwisha kuwa kijivu. Maji ya bafuni yalikuwa yanasikika. Placida alinifungulia mlango, kidole midomoni, koti amelibeba mikononi kama mtoto. Lilikuwa zito kuliko sufu. Tuliingia jikoni, tukajaza sinki, tukamwaga chumvi yote, tukalizamisha.

Maji yalibadilika rangi. Kwanza kahawia. Kisha mekundu. Harufu ilipanda, harufu ninayoijua kazini, ya kidonda kilichofungwa siku nyingi bila kubadilishwa bandeji. Placida alibonyeza chini. Mimi nikabonyeza.

Kitu kikabonyeza juu.

Mkono mmoja wa koti ulikuwa umejaa. Niliushika na nikahisi ndani yake, chini ya kitambaa, kiwiko kikikunjuka.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba maji ya bafuni yamenyamaza.

Protas alikuwa amesimama mlangoni, taulo kiunoni, maji yanamdondoka. Hakututazama. Alipita katikati yetu kwa utulivu, akalitoa koti kwenye sinki, akalivaa juu ya ngozi tupu. Maji mekundu yakamtiririka miguuni. Akafunga kifungo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Placida akamwita jina lake, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Protas. Mume wangu."

Alifunga kifungo cha mwisho. Akachukua kikaango cha chuma juu ya jiko.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Pigo la kwanza lilinipata begani na nikasikia mtulinga ukivunjika kabla sijasikia maumivu. La pili nilikwepa, likapasua kabati. La tatu lilinipata mdomoni. Nilianguka nikiwa nimemeza jino. Kutoka pale chini niliona miguu yake ikinipita, na miguu ya Placida ikirudi nyuma mpaka ikagusa ukuta.

Alimpiga ngumi ya tumbo. Mahali palepale alipombeba mtoto wao. Kisha akamshika shingo kwa mkono mmoja, wa kushoto, akamwinua. Visigino vyake viliacha sakafu.

Hakupiga kelele. Hakuwa na pumzi. Miguu yake iligonga ukuta, ta, ta, ta. Protas alikuwa anamsemesha kwa ile lugha, kwa sauti ile ya mzee, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Sikuwa na nguvu za kumvuta mtu yule. Lakini mkasi wa kukatia kuku ulikuwa umedondoka karibu yangu kabati lilipopasuka. Mkono wangu wa kulia haukufanya kazi. Mkasi nikaushika kwa kushoto. Nikatambaa. Nikaingiza ncha kwenye pindo la koti nyuma ya magoti yake, nikakata kwenda juu.

Nimewahi kukata sufu. Ile haikuwa sufu. Ilikatika kama nyama yenye mafuta. Ilikuwa ya moto. Mtu mle ndani alipiga ukelele, na ukelele haukutoka mdomoni kwa Protas, maana uso wake niliuona kwenye kioo cha dirisha na mdomo ulikuwa umefumba. Ulitoka kwenye mgongo. Nikakata. Miguu ya Placida ikawa inagonga polepole zaidi. Ta. Ta. Nikajiinua kwa magoti nikimwegemea mgongoni, nikakata mgongo wote mpaka kwenye kola, na kola ilipoachana koti likagawanyika likaanguka pande mbili.

Mkono ukaachia. Dada yangu akaanguka kama mzigo. Nikamwekea sikio kifuani. Alikuwa hai.

Protas alikaa sakafuni katikati ya maji yale, uchi, anatetemeka. Alimtazama mkewe. Akanitazama mimi, mdomo wangu, bega langu.

"Shemeji," alisema, sauti ikiwa yake mwenyewe. "Nani kawafanya hivi?"

Lorraine, mama wa Kijamaika anayeishi chini yao, ndiye aliyeita polisi. Walifika upesi. Walimkuta Protas amempakata Placida, anampepea kwa taulo, analia. Walimfunga pingu, naye akanyoosha mikono bila kuulizwa.

Placida alikaa hospitali siku kumi na moja. Krismasi ilimkuta hawezi kumeza hata maji. Aliwaambia polisi ukweli wote, kuanzia dukani, na askari kijana aliyekuwa anaandika aliacha kuandika akamuuliza kwa huruma kama anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Mimi pia niliwaambia. Koti walilichukua vipande viwili kwenye mfuko wa karatasi, kama ushahidi. Sijui liko wapi, na sijawahi kuuliza.

Wakili wa Protas alitaka kuleta madaktari waseme alikuwa amerukwa na akili. Protas alikataa. Alikiri kosa. Nilikuwepo mahakamani siku aliyosomewa hukumu, na maneno aliyomwambia wakili wake aliyarudia kwangu baadaye, kwamba hajui aliyefanya ni nani, lakini mikono ilikuwa yake, na mwanamke aliyepigwa ni mke wake, basi nani mwingine aende jela. Akaenda.

Alikaa miezi kumi na minne. Placida hakwenda kumwona. Aliuza vitu, akahamia karibu nami, akarudi kazini. Majira yote alivaa skafu, hata joto la Julai. Nilidhani ni aibu ya makovu, nikamwacha. Kalpana, ambaye vidole vyake viwili havikunjiki mpaka leo, ndiye aliyemtafutia Protas chumba huko Neasden alipotoka. Nilimuuliza kwa nini. Alisema alimwona siku ile na anajua aliyemwona si Protas.

Machi mwaka huu Placida aliniambia anataka kukutana naye. Kwangu, mchana kweupe, mimi nikiwepo. Sikumzuia. Protas alikuja na soksi za kufumwa alizomletea, hakujua alete nini. Alikuwa amekonda. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti, akaitazama mikono hiyo kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani.

Walizungumza kidogo. Habari za kazi. Habari za mama yake kule nyumbani. Alimwomba msamaha, akasema haombi kingine. Placida alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua skafu.

Sikuwa nimeiona shingo yake kwa zaidi ya mwaka. Kazi yangu ni miili ya watu. Najua alama ya damu iliyovilia hukaa wiki mbili, tatu, inageuka kijani, manjano, inapotea. Zile zilikuwa bado nyeusi. Mbichi, kama za jana. Alisema daktari amezipima mara nne, si kovu, si ugonjwa, na yeye mwenyewe ameacha kumwuliza.

"Weka mkono," alimwambia Protas.

Alikataa. Alirudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta. Placida akasogea akapiga magoti mbele yake, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, akaupeleka mwenyewe shingoni.

"Nataka Lilian aone," alisema.

Nilisogea. Protas alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka. Kidole gumba kilitua upande mmoja, na mbali chini yake nikaona alama ya kidole gumba kingine, kifupi, kinene. Upande wa pili palikuwa na alama tatu. Nilizihesabu. Nikazihesabu tena. Ya kidole cha shahada. Ya kidole cha pete. Ya kidole cha mwisho.

Protas ana vidole vyote vitano. Kidole chake cha kati kilikuwa kimelala katikati ya alama zile, juu ya ngozi safi, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigusa.